Maziwa Hayangoji Amri



Kazi yangu ni ukunga. Nimeifanya miaka mingi, hata baadhi ya watoto niliowapokea kwa mikono hii leo wananipigia saluti getini. Sikuja kuwafundisha makamanda kazi ya jeshi. Nimekuja kueleza jambo moja la mwili wa mwanamke ambalo kambi nyingi hulikuta kila mwaka, na kuomba liandikwe.

Nianze na askari mmoja. Alikuja kliniki asubuhi, koplo, mtoto wake wa kwanza ana wiki kumi na tatu. Alikuwa na homa kali, na titi la kushoto limevimba, jekundu, haligusiki. Alikuwa amerudi kazini wiki moja kabla. Alipangiwa zamu, akasimama zamu. Kila maziwa yalipojaa alivumilia, na yalipoanza kuvuja aliingiza kipande cha kanga ndani ya kombati ili unyevu usionekane kwenye gwaride. Alipofika kwangu titi lilikuwa limeshafanya jipu. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuomba ruhusa ukakamue?" Akainama. "Mama, ningeomba nini? Ningemwambiaje afande?"

Jibu hilo sijalisahau. Binti yule alijua kuomba ruhusa ya hospitali. Alijua kuomba ruhusa ya msiba na ruhusa ya mtihani. Kila moja ya hizo ina jina, ina kitabu chake na ina mtu wa kuweka sahihi. Kukamua maziwa hakukuwa na jina, na jeshini kitu kisicho na jina katika amri hakiombwi. Hayo ndiyo ninayokusudia kuyasema leo: askari anayenyonyesha hahitaji kuonewa huruma na afande mmoja mwema. Anahitaji amri iliyoandikwa, inayofanya kazi hata siku afande huyo akihamishwa.

Kwanza tuyaelewe maziwa yenyewe, kwa sababu mengi ya yale watu wanayoyaita deko la kina mama yanatokana na namna titi linavyofanya kazi.

Watu wengi wanalifikiria titi kama mtungi: limejaa asubuhi, litasubiri hadi jioni. Halisubiri. Mtoto anaponyonya, au mama anapokamua, ubongo hutoa homoni mbili. Prolaktini huagiza maziwa yatengenezwe. Oksitosini hubana vifuko vya ndani ya titi ili maziwa yatiririke. Titi likiachwa limejaa, ndani ya maziwa yale yale mna kitu kinachoutaarifu mwili upunguze kutengeneza. Kwa hiyo mama anayekosa kukamua mchana hapotezi maziwa ya mchana ule tu. Anaufundisha mwili wake kwamba mtoto hayahitaji, na mwili hutii. Wakati huohuo maziwa yaliyotuama huziba njia, titi likavimba, likapata uvimbe wa homa, na mwisho wake ni jipu kama lile la koplo.

Oksitosini nayo ina tabia yake. Hofu huichelewesha. Mama anayekamua huku anausikiliza mlango, akiogopa nani ataingia, anaweza kukaa dakika ishirini na kupata matone. Mama yuleyule akifunga komeo na kutulia hupata kikombe. Nikisema chumba kiwe na komeo, nasema habari ya kitabibu, wala si anasa.

Sasa tuhesabu siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila chakula kingine hadi miaka miwili au zaidi. Miezi sita ni siku 180 hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84, na siku 100 akipata zaidi ya mmoja. Hata mama akiianza likizo siku ileile ya kujifungua, bado zinabaki siku 96 ambazo mtoto anapaswa kuishi kwa maziwa ya mama na mama yuko kazini. Akiianza wiki nne kabla, kama sheria inavyomruhusu, anarudi kazini na mtoto wa wiki nane. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Tanzania watoto 64 kati ya kila 100 walio chini ya miezi sita wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Kenya, mwaka huohuo, walikuwa 60. Wanaobaki ni zaidi ya theluthi moja, na katika nyumba nyingi ninazozijua sababu ya kwanza ni mama kurudi kazini.

Waliotunga sheria ile ya 2004 waliliona pengo hilo. Ndiyo maana kifungu cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe mtoto wake saa za kazi, hadi jumla ya saa mbili kwa siku. Ni kifungu kizuri. Lakini fungueni kifungu cha 2 cha sheria hiyohiyo. Kinasema sheria haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kenya ni vivyo hivyo: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayatoa majeshi nje tangu kifungu chake cha 3. Karani wa benki ana saa zake mbili kwa sheria ya nchi. Dada yake aliyeko kambini, aliyejifungua wiki ileile katika wodi ileile, sheria hiyo inaishia getini kwake.

Sisemi kwamba Bunge lilifanya vibaya kuyatenga majeshi. Jeshi haliwezi kuendeshwa kwa sheria ya kiwanda. Lina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taifa, na lina amri zake. Ninachosema ni kwamba anayetengwa na sheria ya wote anadaiwa sheria yake mwenyewe. Na Bunge halikuwaacha askari mikono mitupu. Sheria ya 2004 inarudi kusema kwamba vifungu vya 5, 6 na 7 vitawahusu hata walio katika majeshi. Kifungu cha 7 ndicho kinachokataza ubaguzi kazini, na katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo umo ujauzito. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, imeutaja ujauzito vilevile. Ibara ya 24 inaruhusu sheria ipunguze baadhi ya haki za wanajeshi, lakini katika haki zinazoweza kupunguzwa hivyo haikuiweka hiyo ya 27. Mlango wa kisheria uko wazi. Kinachosubiriwa ni kalamu ya jeshi.

Na majeshi mengine yamekwisha kuishika kalamu hiyo. Niwasimulie ya Marekani, kwa kuwa walikosea kwa muda mrefu kabla ya kupatia, na makosa yao yanatufaa.

Aprili 1951 Rais Harry Truman alitia sahihi amri iliyoruhusu mwanamke aondolewe jeshini akipata mimba, akizaa, au hata akiwa mlezi wa mtoto wa mumewe. Mwaka 1970 muuguzi wa Jeshi la Anga, Kapteni Susan Struck, alipata mimba akiwa kazini Vietnam. Akaambiwa achague: aitoe mimba, au aache kazi. Hakutaka lolote kati ya hayo. Alijifungua akitumia likizo aliyokuwa amejiwekea, mtoto akampa familia nyingine imlee, na akalishtaki jeshi lake. Wakili wake, Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliifikisha kesi hadi mahakama hiyohiyo. Kabla haijasikilizwa, mwaka 1972, Jeshi la Anga lilimwachia Kapteni Struck kazi yake na kubadili kanuni. Katikati ya miaka ya 1970 amri ya kuwafukuza wajawazito ikaondolewa katika majeshi yote ya nchi hiyo.

Lakini angalieni kilichofuata. Mwanamke aliruhusiwa kubaki. Maziwa yake hayakuandikwa popote. Jeshi la nchi kavu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote kule, lilikuja kutoa agizo lake kamili la unyonyeshaji mwaka 2015, baada ya matawi mengine. Miaka arobaini ilipita kati ya ruhusa ya kubaki na chumba cha kukamulia. Katika miaka hiyo, kila mama wa jeshi hilo alitegemea bahati ya kamanda aliyempata.

Agizo la 2015 linafaa kusomwa, kwa kuwa limeandikwa kijeshi, bila maneno ya kubembeleza. Linamtaka kamanda atoe mahali pa faragha penye kufungika, pa kukaa, penye meza au sehemu bapa isiyo sakafu, penye umeme, na maji salama yawe karibu. Choo hakihesabiki. Kuna jambo jingine humo lililonigusa kama mkunga. Linasema kikosi kikiwa kwenye mazoezi ya medani, na hakuna njia ya kuyarudisha maziwa nyumbani, kamanda ampe mama muda uleule na mahali palepale akamue, hata kama maziwa hayo yatamwagwa. Fikirini jeshi linaandika amri ya kumpa askari nafasi ya kukamua maziwa ya kumwaga! Aliyeandika hivyo alikuwa amelielewa titi. Alijua kwamba maziwa ya leo yamepotea, lakini ya wiki ijayo, mama atakaporudi kwa mwanawe, yanaokolewa kwa kukamua leo. Mwaka 2022 jeshi hilo liliongeza agizo jingine: mama asipelekwe medani wala nje ya nchi kwa siku 365 baada ya kujifungua, isipokuwa mwenyewe akiamua kwenda.

Nyumbani nako mambo yamesogea. Kenya iliwatenga wanawake katika kikosi chao peke yao hadi mwaka 1999, kilipovunjwa nao wakaingizwa katika vikosi vyote. Mwaka 2018 Fatuma Ahmed akawa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kufikia cheo cha meja jenerali, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Umoja wa Mataifa nao, tangu azimio namba 1325 la mwaka 2000, unazitaka nchi zipeleke wanawake zaidi katika ulinzi wa amani. Basi mwanamke jeshini si mgeni tena wa kupishwa chumba cha wageni. Ni mwenye nyumba. Na mwenye nyumba huzaa.

Je, amri ninayoiomba iseme nini? Naiona kama karatasi moja inayotosha kubandikwa ukutani.

Iseme habari ya muda. Mama wa mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji kunyonyesha au kukamua kila baada ya saa tatu hivi, nusu saa kila mara. Msishtuke. Jeshi ndiyo taasisi inayoijua kazi hii kuliko zote. Hakuna sajenti anayemwacha askari lindoni mpaka aanguke; kuna zamu, kuna wa kumbadilisha, kuna daftari la kuandika saa. Mpangeni mama anayenyonyesha kwa daftari hilohilo. Badala ya kumwachia aombe, zamu yake iandikwe tangu asubuhi: saa nne anabadilishwa, saa nne na nusu anarudi. Asiwe na la kueleza kwa mtu.

Iseme habari ya mahali. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, imeshawaorodheshea waajiri: pa kunawia mikono, jokofu au kitu cha kupozea, soketi ya pampu, meza ndogo, viti vya kukalika vizuri, na mapumziko ya kunyonyesha mbali na yale ya chakula, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Mimi naongeza komeo la ndani. Chumba kisiwe ghala la silaha lililopunguzwa masanduku, wala kona ya choo. Hatuandai chakula cha askari chooni, na cha mtoto wake kisiandaliwe huko.

Iseme habari ya ubaridi. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono misafi hukaa saa nne katika joto la nyuzi 25, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa joto hupita hapo. Huku pwani yaharakishwe. Ndani ya jokofu hukaa siku nne. Ndani ya deli dogo lenye barafu ya kutosha hukaa saa 24. Kambi isiyo na umeme inaweza kupata deli. Tahadhari moja kwa waganga wa kambi: jokofu la chanjo ni la chanjo tu, maziwa yasiingizwe humo. Na pampu isiwe kisingizio. Kukamua kwa mkono hakuhitaji umeme, na mtoto aliyebaki nyumbani ananywa kwa kikombe hata akiwa mdogo. Yaya afundishwe hilo kliniki kabla likizo haijaisha.

Iseme habari ya hatari. Vumbi la uwanja wa shabaha lina madini ya risasi, na madini hayo huingia mwilini mwa mama na kufika kwenye maziwa. Hushika pia kwenye kombati na mikono inayokwenda kumkumbatia mtoto. Anayenyonyesha apangiwe kazi nyingine kwa muda, naye mumewe aliyeshinda kwenye shabaha anawe na kubadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe. Fulana ya kuzuia risasi inayobana kifua saa nyingi nayo huziba njia za maziwa. Ilegezwe, au ivaliwe kwa vipindi.

Na iseme wazi kwamba nafuu hizi hazitaandikwa kama upungufu katika taarifa yake ya kazi, wala hazitamnyima kozi na cheo. Pasipo mstari huo, yote niliyoyataja yatabaki ukutani. Askari mwenye akili atapima kati ya titi na kapteni anayemwandikia taarifa, na atachagua kama yule koplo wangu alivyochagua.

Nimeyasikia mapingamizi, na sidharau hata moja. La kwanza husema vita haisubiri mtoto anyonye. Kweli. Lakini siku nyingi za askari si za vita. Ni za ofisi, karakana, hospitali, bohari, bwalo na gwaride, na katika siku hizo nusu saa hupatikana. Ikija siku ya hatari, kamanda anao uwezo wa kuamua, na amri njema itampa uwezo huo kwa maandishi.

La pili husema wanawake walitaka usawa, basi wasiombe upendeleo. Usawa wa jeshi ninaoufahamu haumpi kila askari buti la namba moja. Unampa kila mmoja buti linalomwenea, kisha unawadai wote mwendo uleule. Mama huyu hakatai mwendo. Anaomba buti lake.

La tatu husema ampe mtoto maziwa ya kopo, mambo yaishe. Wapo kina mama ambao kwa ugonjwa au sababu nyingine lazima watumie kopo, na hao nawaheshimu na kuwasaidia. Lakini kulifanya kopo kuwa sera ya kambi ni kuhamisha mzigo. Kopo linataka fedha kila wiki, maji yaliyochemshwa na vyombo visafi kila mlo. Vikikosekana mtoto anaharisha, na mtoto akilazwa mama hayuko lindoni wala ofisini. Yuko wodini siku tano. Nusu saa zile alizonyimwa zinarudi zikiwa siku nzima. Na askari akichoka akaacha kazi, serikali imepoteza fundi mitambo, muuguzi au rubani iliyemsomesha kwa miaka.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nimeufikiria msemo huo tangu siku ya koplo. Kambini mwenye kutoa ruhusa huenda hajawahi kuujua uchungu huo, wala si kosa lake. Ndiyo sababu ya kuandika. Amri humwezesha hata asiyejua kutenda sawasawa na anayejua.

Waheshimiwa makamanda, naomba mtu mmoja kati yenu arudi kazini kesho na kuagiza karatasi hiyo iandikwe, kisha isomwe kwenye gwaride mbele ya wote, wanaume kwa wanawake, ili neno kukamua lizoeleke kama maneno lindo na zamu. Wanasheria, ikagueni ilingane na vifungu nilivyovitaja. Wauguzi, tuingie kambini kabla likizo za akina mama hazijaisha, tukakague chumba na komeo lake.

Koplo yule tulimpasua jipu, akapona. Titi la kushoto halikurudia maziwa yake. Mtoto alianza kupewa uji akiwa na miezi minne, na mama alirudi zamu yake. Alikuwa askari hodari, na hakuwahi kuomba chochote. Amri iandikwe, ili anayemfuata asihitaji kuomba.